Siku Winchi Aliposhindwa Kunyanyuka

Pale Bweri, Musoma, watu wa makamo wakisikia jina la Machage Ryoba bado huuliza, "Yupi, Winchi?" Jina hilo, la mashine ya kunyanyulia mizigo, alipewa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, miaka ile sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni na sukari ikipimwa kwa kikombe kwenye duka la kaya. Gunia la kilo mia alilibeba mgongoni huku anapiga soga. Lori la sukari likiingia mjini, mwenye duka hakuhangaika kutafuta wapakuzi wanne. Alimtuma mtu amwite Winchi na mwenzake mmoja, na kabla watu wa foleni hawajaanza kugombana mzigo ulikuwa umeshaingia ndani. Wake za watu walimsifia mbele ya waume zao. Yeye alijifanya hasikii, kumbe hakuna neno lililompita.

Basi mambo yakageuka, kama yalivyowageukia wengi. Soko huria likaja, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, na kiwanda kikapunguza watu, kikapunguza tena, halafu kikafunga geti. Machage alirudi nyumbani mwaka wa tisini na tatu, ana miaka hamsini na minane, barua mfukoni na mgongo bado mzima. Akamwendea fundi seremala, akachongesha kiti cha mvule chenye mikono mipana na mto wa sponji. Akakiweka barazani, akakaa.

Nataka nikueleze alivyokaa, maana shida ilianzia hapo. Kwao, upande wa Kiabakari, mwanamume akishamwozesha mwanawe ameshamaliza kazi. Maji ya kunawa analetewa, chakula analetewa. Akionekana ameshika jembe au ndoo, majirani husema watoto wake wamemtupa, na aibu inakuwa ya ukoo mzima. Kwa hiyo Machage hakushika jembe wala ndoo. Mkewe Jeska, aliyemzidi kwa kila kitu isipokuwa kelele, alidamka kwenda mwaloni Mwigobero kununua dagaa na kurudi na beseni kichwani. Mwanawe Mseti alipata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Mke wa Mseti, Esta, binti wa Masatu wa Kisorya, alibaki nyumbani, na ndiye aliyemhudumia mzee. Fimbo ikidondoka, Esta aliiokota. Redio ikihitaji kusogezwa, Esta aliisogeza. Mzee aliona hiyo ndiyo heshima, na kweli ilikuwa heshima. Miaka mitatu ikapita hivyo, na mwishoni mwake Esta akajifungua mtoto wa kiume.

Kati ya Machage na Esta, hata hivyo, palikuwa na mpaka. Kwa watu wa kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hawapeani mkono. Chakula unakiweka kwenye stuli, unarudi nyuma, ndipo mzee ananyoosha mkono wake. Hupiti mbele ya kiti chake wala humtazami usoni. Esta hakukulia hivyo hasa, kwao ziwani mambo ni laini kidogo, lakini alijifunza, na tangu aolewe hakuwahi kukosea hata mara moja.

Ikawa asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na sita. Jeska yuko Mwigobero, Mseti yuko kazini. Machage akaenda chooni. Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, nyuma ya uzio wa minyaa, kuta za udongo na mlango wa bati. Akachuchumaa kama alivyochuchumaa maisha yake yote. Alipomaliza akataka kusimama, miguu ikakataa.

Hakuwa anaumwa. Hapakuwa na jeraha wala homa. Alisukuma, magoti yakatetemeka, akarudi chini. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu alianza kutafuta pa kushika, na ukuta wa udongo hauna pa kushika. Mara ya sita akakaa chini palepale sakafuni, na zaidi ya hapo sitasema, kwa heshima yake.

Akakohoa. Alikohoa kwa ile sauti ya mtu anayetaka mwanamume mwenzake apite karibu, bila ya kuomba. Hakuna aliyepita. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka akasikia nyayo za kike zimesimama mbali na mlango.

"Baba, kuna nini?" Esta aliuliza.

"Hakuna kitu."

Nyayo hazikuondoka.

"Mwite Boniphace," Machage akasema. Boniphace alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

Akamsikia anakwenda, anabisha hodi huku na huku. Akarudi akihema. "Boniphace ameenda shamba, baba. Nimezunguka nyumba zote, wanaume hawapo. Nimfuate mama Mwigobero?"

Kwenda na kurudi Mwigobero kwa miguu, na mtoto mgongoni, ni karibu nusu siku. Machage akajaribu tena kusimama, akarudi chini. Jua lilikuwa limeshapanda na bati la mlango lilikuwa linachoma.

Basi Esta akafanya alichofanya. Alimlaza mtoto kivulini, akachukua kitenge alichombebea, akajifunga nacho macho, akazungusha mara mbili na kupiga fundo. Akaingia akipapasa ukuta. "Baba, nimefunga macho," alisema. "Sioni kitu. Shika hii." Akamrushia ncha ya khanga aliyojitanda, akavuta upande wake. Khanga ikateleza mikononi mwa mzee. Akavuta tena, ikateleza tena. Mikono iliyobeba magunia ya nusu ya mkoa haikuweza kukamata kitambaa. Hapo Esta akainama, akamshika kwapani kwa mikono miwili, akamnyanyua. Alimsimamisha, akamwegemeza ukutani, akatoka akipapasa vilevile. Kitenge alikifungua jikoni tu. Kisha akaleta maji, akayaweka nje ya mlango.

Mchana alipika ugali na sato. Aliweka sahani kwenye stuli, akarudi nyuma, hakumtazama usoni. Jioni Jeska alirudi, Mseti alirudi, na Esta hakusema neno. Hata kesho yake hakusema.

Laiti angesema, mzee angepata la kukasirikia. Lakini binti alinyamaza, na Machage akawa anakisikia kile kimya kila sahani inapowekwa. Akimwona anapita na ndoo, anakumbuka mikono ile kwapani mwake. Akimsikia anacheka na mtoto, anadhani anachekwa yeye. Akaanza visa. Mboga ina chumvi. Mtoto analia sana. Maji ya kuoga ya baridi. Wiki ya tatu akamwita Mseti barazani.

"Mke wako hana heshima," akamwambia. "Mrudishe kwao, wakamfundishe."

Mseti alishangaa. "Baba, amefanya nini?"

"Nimesema mimi baba yako. Unataka nikuandikie barua?"

Mseti alikwenda kumuuliza mkewe. Esta akamjibu, "Kama baba amesema, amesema." Akafunga sanduku lake la bati, akambeba mtoto mgongoni, wakaondoka kuelekea Kisorya. Kabla ya kuondoka aliacha chakula cha mzee kimefunikwa kwenye stuli. Machage alikifunua wakati basi limeshapita. Ugali ulikuwa bado wa moto, na chumvi ya mboga ilikuwa sawasawa.

Mimi nasema wazi kwamba hilo lilikuwa tendo la mwoga, na mwenyewe alijua. Alikula kile chakula chote kwa sababu aliona aibu kukimwaga.

Mwezi wa sita miguu ilimkatalia tena, palepale, na safari hii Jeska alikuwa nyumbani. Aliingia bila hodi, akamnyanyua, kazi ikaisha. Jeska alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa akiketi chini kuchambua dagaa na kuinuka akiwa na beseni mikononi, na katika miaka yote hiyo mumewe hakuwahi kuliona hilo kuwa ni jambo.

"Hii ni mara ya kwanza?" Jeska aliuliza.

"Ndiyo."

Jeska akamkung'uta vumbi la ukuta begani. "Machage. Ile mara nyingine nani alikunyanyua?"

"Hakukuwaga na mara nyingine."

"Mh," Jeska akasema. Alielekea jikoni kwa Esta, jiko ambalo sasa lilikuwa baridi, akasimama mlangoni muda mrefu. Aliporudi hakuuliza tena. Alisema tu kwamba kesho wanakwenda hospitali.

Machage alikwenda akitumaini sindano. Aliambiwa aende chumba cha mwisho, kwa mhudumu wa viungo aitwaye Danford, kijana mfupi mwenye mikono ya mkulima. Danford alimgonga magoti, akampinda miguu, halafu akamkalisha kwenye kiti kigumu.

"Mzee, kunja mikono kifuani. Sasa simama."

Machage akasukuma. Hakusimama.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwaga nabeba mizigo. Magunia, marobota ya pamba. Waulize watu, nilikuwaga naitwa Winchi."

"Na sasa unabeba nini?"

Machage alifikiri kwa uaminifu. "Sibebi kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu tupunguzwe."

Danford akavuta stuli, akakaa mbele yake. Hakumkemea. Alimwambia kwamba hana ugonjwa, ila nyama ya miguu imekwisha kwa kukosa kazi. Uzee nao unaila nyama, akasema, lakini kiti kinaila haraka zaidi. Mzee akipungukiwa nguvu za miguu anaanguka, akianguka anavunjika nyonga, na wengi wakishavunjika nyonga hawarudi tena walivyokuwa. Habari njema ni kwamba nyama inarudi ikipewa mzigo, hata kwa bibi wa miaka themanini, na mifupa nayo inakaza, hata usingizi unakuwa mzuri.

"Nitembee?" Machage akauliza.

"Tembea, ni vizuri. Ila kutembea hakutoshi. Misuli inataka kitu kizito, halafu kila wiki uzito unaongezeka kidogo. Anza na kiti. Kaa, simama, mara kumi. Ukishindwa, saidia na mikono. Halafu nyanyua ndoo. Leo fanya, kesho pumzika, keshokutwa fanya."

"Mimi nikae nisimame kama mtoto wa shule aliyefanya kosa?"

"Hivyohivyo, mzee," Danford akasema.

Sasa mtu mzima afanyie wapi mambo hayo? Barazani anaonwa na njia nzima. Chumbani Jeska yupo. Machage akachagua jiko la Esta, akafunga mlango. Mle ndani ilibaki harufu ya majivu, mafiga matatu, na ndoo ndogo ya lita tatu ambayo Esta alikuwa akiogeshea mtoto. Akaingiza kiti kigumu, akajaza ile ndoo mchanga. Siku ya kwanza alisimama mara nne, tena kwa kujisukuma na mikono. Alipoinyanyua ndoo, mkono ukatetemeka mpaka mchanga ukamwagika. Akaitua, akakaa, akalia. Hakuwa akililia ndoo. Alikuwa akiitazama, akaona alama ya sabuni ya mtoto ukingoni, na mtoto mwenyewe alikuwa Kisorya kwa amri yake.

Lakini alirudi keshokutwa yake, na keshokutwa iliyofuata. Mwezi wa nane alikuwa anasimama mara kumi bila mikono. Ndoo ya lita tatu ikawa ya tano, ya tano ikawa ya kumi, na wakati mvua za vuli zinaanza alikuwa anachuchumaa mpaka chini akiwa ameshika mwimo wa mlango, halafu akawa anainuka bila kuushika. Siku moja aligundua amevaa suruali akiwa amesimama, hakuegemea ukuta. Alitaka kumwambia mtu. Akaona hana wa kumwambia isipokuwa Jeska, naye Jeska siku hizo alikuwa anamjibu kwa maneno mawili mawili.

Mwishowe akatoka nje. Alichukua ndoo mbili za lita kumi, akaenda bombani mchana kweupe, katikati ya wanawake. Boniphace alipomwona alisimama njiani.

"Winchi, kulikoni? Mseti amekutupa?"

"Hajanitupa. Nabeba maji."

"Nimepita nyuma ya jiko lenu juzi, nikasikia unahesabu. Nikadhani umeanza kuchanganyikiwa."

"Nilikuwaga nimechanganyikiwa," Machage akasema. "Sasa nafanya mazoezi." Na akaendelea na ndoo zake, masikio yanamwaka, maana nyuma yake aliwasikia wanawake wanasema neno lilelile, kwamba watoto wamemtupa. Aibu ya bombani aliiona ndogo. Kubwa zaidi ilikuwa inamngoja Kisorya.

Ni kwamba Mseti alikuwa ameshakwenda kumfuata mkewe na kurudi mikono mitupu. Masatu, baba wa Esta, alimwambia hivi: aliyemrudisha ndiye aje, aniambie kosa la mtoto wangu kwa mdomo wake. Mseti aliyatoa maneno hayo kama alivyopewa, kisha akaenda kulala bila kula. Alikuwa amekonda. Machage alisema atakwenda miguu ikipona. Mwezi wa kumi na moja Jeska akamkumbusha.

"Miguu imepona," alisema. "Kilichobaki ni mdomo."

Walikwenda watatu, mwezi wa kumi na mbili, kupitia Bunda. Njia nzima Machage alikuwa anapanga. Angesema Esta alimjibu vibaya. Kisha angesema yeye kama mzazi amesamehe, binti arudi, yaishe. Aliyapanga maneno hayo vizuri hata akaanza kuyaamini kidogo. Nakwambia haya ili ujue alifika Kisorya akiwa amekusudia kumsamehe mtu aliyemnyanyua.

Masatu aliwapokea uani. Alikuwa ameshapita sabini, mwembamba, na bado alikuwa anavuta nyavu zake mwenyewe. Akampa mgeni kigoda cha miguu mitatu, kifupi, cha kukalia karibu na ardhi, na Machage akashuka juu yake polepole bila kushika kitu. Esta akaja, akapiga magoti mbali, akasalimu, uso ameugeuzia pembeni. Alikuwa amepungua. Mtoto, Ryoba, sasa alikuwa anatembea, akaja akamtazama babu yake kama anavyomtazama mgeni yeyote.

"Haya, mzee mwenzangu," Masatu akaanza. "Nakusikiliza. Mtoto wangu alikosa nini?"

Machage akafungua mdomo. Masatu akamwonyesha kiganja, kwamba angoje kidogo.

"Kabla hujasema. Sisi tulimuuliza mwenyewe. Akasema ni chumvi. Anasema alikuwaga anatia chumvi nyingi, wewe ukachoka. Basi miezi minane hii mama yake anamfundisha chumvi upya, mwanamke mzima mwenye mtoto. Anamshikia kijiko. Watu hapa wanamcheka. Kama ni hiyo chumvi, sema, maana ameshajifunza."

Mama yake Esta aliangalia chini. Machage alihisi uso unamchoma mpaka kwenye mizizi ya nywele, na yale maneno yaliyopangwa tangu Bunda yakamkimbia. Akakunja mikono kifuani, kama alivyofundishwa, akasimama kutoka kwenye kile kigoda kwa nguvu za miguu peke yake.

"Hakuna chumvi," alisema. "Chumvi yake ni nzuri. Mimi nilianguka chooni. Miguu ilikuwaga imekwisha. Hapakuwa na mtu, akaja yeye, akajifunga macho, akanitoa. Hakuniona. Hakumwambia mtu yeyote, hata mume wake. Nikawa siwezi kumwangalia. Nikamfukuza." Akamtazama Masatu. "Kosa lake ni kwamba alinisaidia. Mimi ni mwongo, na nimeaibika."

Mseti alishika kichwa. Jeska hakusogea, alikuwa anajua. Masatu alitazama mikono yake muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba angependa asiwe amesikia.

"Ungekuja mapema," alisema hatimaye. "Esta, umesikia. Utarudi?"

"Nitarudi, baba," Esta akajibu, uso bado pembeni. "Ila naomba kitu kimoja. Naomba kule chooni kusimikwe mti wa kushikia."

"Hauhitajiki tena, mama," Machage akadakia. "Nimepona. Tazama." Na palepale, mbele ya wakwe zake, mzee wa miaka sitini na moja akachuchumaa mpaka chini akainuka, akachuchumaa akainuka, akachuchumaa mara ya tatu akainuka, hakushika kitu. Jeska alifunika mdomo kwa khanga. Esta hakutazama.

"Sikukuombea wewe, baba," alisema kwa sauti ya chini, huku akimvuta Ryoba mapajani mwake. "Najiombea mimi. Na mimi nitazeeka, na huyu ataoa. Sitaki siku hiyo mke wake arudishwe kwao."

Machage alibaki amesimama katikati ya ua, miguu ina nguvu zake zote, na hakujua aipeleke wapi.